Alichonyweshwa Manju

Watu walicheka. Nalisema hili kwanza kwa sababu baadaye kila mtu alijitoa. Huyu akasema alikuwa amekwenda kujisaidia, yule akasema alikuwa upande wa Wagalu na hakuona vizuri. Uongo mtupu! Walicheka wote, wanawake wakajishika mbavu, na Makoye yuko pale juu ya jukwaa la magogo anaangamia mbele ya macho yao.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa saba, mwaka themanini na moja, pamba imeshauzwa, kijiji kimoja kisicho mbali na Maganzo. Wagika na Wagalu, vyama vyetu viwili vya ngoma, walikuwa wanashindana. Kwetu mashindano ya ngoma hayana mwamuzi. Makundi mawili yanapiga kwa wakati mmoja, moja huku na jingine kule, na watu wanakimbilia kwenye utamu. Jua likizama, aliyezungukwa na watu wengi ndiye mshindi. Na manju, yule anayetunga na kuongoza nyimbo, akishuka jukwaani kabla ya jua kuzama, kundi lake limeshindwa, hakuna cha mjadala. Mwaka huo mshindi alikuwa apewe dume la ng'ombe.

Manju wa Wagika alikuwa Makoye, mwanamume wa miaka arobaini na sita, fundi wa vioja. Mwaka wa nyuma yake alipanda jukwaani amevaa sufuria kichwani na kuhutubia kama mkuu wa wilaya. Mwaka huu alikuwa na wimbo wa sukari, namna sukari ya duka la kijiji ilivyoolewa na mwenyekiti na haionekani tena hadharani. Dawa za ngoma, zile za kuvuta watu na za kuwakinga wachezaji na husuda, zilikuwa mikononi mwa kaka yake, Ngassa.

Mpaka saa tisa alasiri Wagika walikuwa wanazidiwa. Manju wa Wagalu, Pantaleo, alikuwa na sauti inayofika ng'ambo ya mto, na watu walikuwa wamejaa kwake. Hapo ndipo Makoye, katikati ya ubeti wa sukari, alipoanza kuimba maneno yasiyoeleweka. Ulimi ulikuwa mzito. Mdomo ulivutwa upande wa kushoto, shavu la kulia likalegea, na mate yakamtiririka kidevuni. Akainua usinga wake, ule mkia wa ng'ombe wa kuongozea nyimbo, ukamponyoka. Akaitazama ile mikono yake miwili, mmoja uko juu na mwingine umening'inia, kana kwamba anauliza huu wa nani.

"Mlevi! Anamwigiza mlevi!" mtu akapiga kelele.

"Hapana, huyo ni mwenyekiti amejaza sukari mdomoni!"

Basi kikalipuka kicheko. Watu wa upande wa Pantaleo wakageuza shingo, kisha wakageuza miguu. Wakaanza kuvuka uwanja kwa makundi, wengine wanakimbia, wengine wamebeba watoto mabegani ili nao wakione kioja kipya cha Makoye. Makoye alikuwa anawaambia, "Nishusheni." Kwa masikio yake mwenyewe alikuwa amelisema hilo neno sawasawa, mara tatu. Wao walisikia mlio tu, wakazidi kucheka.

Mkewe, Nyamizi, mama wa binti yao Sikujua, alikuwa pembeni na wanawake wenzake, wamekaa na mitungi ya maji ya wachezaji. Hakucheka. Aliutazama ule usinga chini kwenye vumbi. Miaka ishirini na miwili ameishi na Makoye, hajawahi kumwona akiangusha usinga, maana kwa manju ni aibu kuliko kuvuliwa nguo. Akaacha mtungi, akapenya katikati ya watu hadi chini ya jukwaa, kwa shemeji yake.

"Shemeji, simamisha ngoma. Makoye anaumwa."

"Mama Sikujua, rudi kwenye maji yako."

"Mtazame mdomo! Mtazame mkono!"

"Namwona. Na wewe watazame watu. Hebu geuka uone! Tunashinda."

Ngassa aliona, na mimi hilo siwezi kumwachia. Mwanzo alidhani ni kioja kama wengine walivyodhani, sawa. Lakini aliyaona yale mate, akauona mguu wa kulia ukikunjika, akaelewa kwamba huu si mchezo. Alichofanya ni kupanda jukwaani, akamkalisha ndugu yake kwenye kigoda, akamkumbatia kwa nyuma ili asianguke, kisha akawapigia kelele wapiga ngoma wakaze mikono. Akaushika ule mkono uliokufa akaupungia watu. Umati ukashangilia mpaka vumbi likafunika miti.

Pantaleo naye alikuwa ametazama. Watu wanasema alishuka kwa sababu alishakimbiwa na wasikilizaji, lakini si kweli, alikuwa bado na nusu ya uwanja. Alishuka jukwaani jua likiwa juu, akajua maana yake, akavuka kwa miguu katikati ya matusi ya watu wake mwenyewe.

"Ngassa," alisema, "mshushe ndugu yako. Baba yangu alianza hivi hivi, mdomo, mkono, ulimi. Hicho ni kiharusi. Pikapu ya jirani yangu Akida ipo hapo nyuma, mafuta yamo. Tumpeleke hospitali sasa hivi."

"Leo Jumapili," Ngassa akasema. "Saa nane imepita. Amri ya kubana mafuta, magari hayaruhusiwi mpaka kesho saa kumi na mbili."

"Polisi nitawajibu mimi."

"Wewe ndiye uliyemfunga ulimi kwa madawa yako, halafu unataka nikukabidhi na mwili? Toka! Toka kabla sijakuvunja miguu!"

Nyamizi akamshika Pantaleo mkono mbele ya watu wote, jambo ambalo mke wa mtu hafanyi. "Usiondoke na gari," akamwambia. Vijana wa Wagika wakamsukuma Pantaleo kwa fimbo hadi mwisho wa uwanja, huku wanamzomea.

Pantaleo alikuwa ameshashindwa aliposhuka, lakini Makoye naye angeshuka kabla ya jua kuzama Wagika wangeukosa ushindi, basi kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili alikaa kwenye kigoda kile, anachekwa. Jua lilipozama Wagika walitangazwa washindi. Walimbeba manju wao juu juu, kichwa kinaanguka mbele na nyuma, wakamzungusha uwanja mzima wakiimba, na dume la ng'ombe likafuata nyuma limefungwa shanga kwenye pembe. Mtu mmoja alimpangusa Makoye mate kwa mkia wa usinga. Watu wakacheka tena.

*

Nyumbani walimlaza chali kwenye ngozi ya ng'ombe, hapo uani, kabla giza halijaingia vizuri. Ngassa alileta kibuyu cha dawa, mizizi iliyochemshwa, dawa ya kumfungua aliyefungwa ulimi. Hakuwa mtu asiyempenda ndugu yake. Ila alikuwa na haja kubwa kwamba Pantaleo awe ndiye mwenye kosa, kwa sababu kama si Pantaleo, basi ni nani?

"Mfungue mdomo," akamwambia Nyamizi.

"Hamezi, shemeji. Nimejaribu kumpa maji, yametoka puani."

"Maji si dawa."

Akamimina. Dawa ikajaa mdomoni, ikatoka kwa upande ule uliolegea.

"Mshike pua," Ngassa akasema. "Akikosa pumzi atameza."

Nyamizi akakataa. Basi Ngassa akapiga goti kifuani pa ndugu yake, akambana pua kwa vidole viwili, akamimina tena. Makoye akatoa sauti ya ndani, kama chungu kinachochemka kikiwa kimefunikwa. Jicho moja lilikuwa linamtafuta mkewe. Nyamizi akamrukia shemeji yake, na wanaume wawili wakamshika wakamtoa uani, wakamwambia asiiharibu dawa kwa ukaidi. Alikaa nje ya ua akisikiliza. Kibuyu kizima kiliisha.

"Amemeza," Ngassa akatangaza.

Hakumeza. Ile dawa ilikwenda njia nyingine, na kulipokucha Makoye alikuwa anawaka homa, kifua kinakoroma kwa kila pumzi.

Alfajiri pikapu ilisimama nje. Pantaleo hakuwa ameondoka na gari. Alikuwa amelala ndani yake karibu na duka la kijiji. Nyamizi na binti yake Sikujua, msichana wa miaka kumi na tisa, wakamkunja Makoye katika shuka wakamnyanyua. Ngassa akasimama mlangoni na fimbo.

"Mama Sikujua, dawa haijamaliza kazi yake. Ukimpandisha kwenye gari la adui umeikata. Akifa, umemuua wewe. Na hapa usirudi."

"Nipishe."

"Nasema usirudi!"

"Shemeji, nipishe kabla sijasema neno ambalo hata wewe hutaweza kulibeba."

Akampisha. Sijui kwa nini. Labda ni macho ya Nyamizi, labda ni ule mkoromo.

*

Hospitali, muuguzi mkuu wa wodi alikuwa mama mmoja mfupi anaitwa Mwaisha, mtu wa Ujiji, mwenye ulimi mkali na mikono laini. Kabla hata ya shikamoo kuitikiwa aliuliza, "Ilianza saa ngapi?"

"Jana, saa tisa alasiri."

"Na hii ni saa mbili asubuhi." Akamtazama Nyamizi, kisha Pantaleo. "Mlikuwa mnafanya nini?"

Nyamizi akakifunika kifua cha mumewe kwa shuka. Atasemaje? Kwamba tulikuwa tunashinda?

Mwaisha alimgeuza Makoye ubavu, akamfuta kinywa kwa kitambaa alichozungushia kidole, akamfunga mpira wa kupima presha mkononi. Alipoona presha ilivyopanda alisonya. Akamwambia Makoye, "Baba, tabasamu," na nusu tu ya uso ikatii. "Inua mikono." Ukainuka mmoja. "Jina lako nani?" Makoye akajitahidi, jasho likamtoka, ikatoka sauti isiyo na jina ndani yake. Akaanza kulia kwa jicho moja.

"Umeona?" Mwaisha akamwambia Nyamizi. "Uso, mkono, ulimi. Kimoja tu kati ya hivyo kikibadilika ghafla, hungoji jua lizame. Unamlaza ubavu, humpi kitu chochote mdomoni, hata maji, unamleta. Kichwa kilikuwa kinamuuma siku za nyuma?"

"Wiki mbili. Alikuwa anajifunga kitambaa."

"Presha. Hajawahi kupimwa?"

"Kijijini kwetu nani anapimwa?"

Mwaisha akaweka sikio kwenye kifua cha Makoye, akakaa hapo muda mrefu. Aliponyanyuka uso wake ulikuwa umebadilika. "Mmemnywesha nini?"

"Dawa. Kaka yake alimbana pua."

"Akiwa amelala chali?"

"Amelala chali."

Yule muuguzi akamvuta Nyamizi hadi dirishani. "Sikiliza, mama, sitakudanganya. Kiharusi chenyewe, hata ungemleta saa ileile, hapa sina dawa ya kukizibua. Mkono huo huenda usingerudi. Ulimi huenda ungerudi nusu. Lakini watu wanaishi na kiharusi, wanapalilia kwa mkono mmoja, wanaozesha mabinti. Ningemweka ubavu, ningemshusha presha polepole, ningemlisha kwa mpira wa puani. Mtu wa namna hii koo lake limelala. Ukimmiminia kitu, hakiendi tumboni, kinaingia mapafuni, na nguvu ya kukohoa akitoe hana. Hicho kinachokoroma ndicho kinachotaka kumuua sasa."

"Kwa hiyo si kiharusi."

"Nimeshakwambia ni nini."

Walimdunga sindano kila baada ya saa sita. Nyamizi alikaa chini, kando ya kitanda, siku sita. Pantaleo alileta uji na kwenda zake, polisi walimtoza faini ya kuendesha gari kabla marufuku ya Jumapili haijaisha na hakumwambia mtu. Siku ya nne Makoye aliushika mkono wa mkewe kwa ule mkono mzima, akaubana kwa nguvu, akawa hataki kuuachia. Jumamosi, muda wa adhuhuri, kifua kikanyamaza.

Nyamizi hakupiga yowe wodini. Alimfunga mumewe taya kwa kitambaa, akaurudisha ule mdomo mahali pake kwa vidole mpaka ukakaa sawa. Alikuwa na hasira tele na aliamua kuitunza. Wengine hasira huwatoka pamoja na machozi, ikaisha. Yeye alivikatalia vyote viwili visitoke.

*

Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa uani. Aliyeongoza kikao alikuwa Donatus, baba mdogo wa marehemu, katekista mstaafu, mzee anayependa mambo yaishe kwa amani na watu wakale. Lile dume la ushindi lilikuwa limechinjwa kwa ajili ya siku hiyo. Nyamizi aliinusa nyama ile kwenye sufuria na hakuonja.

Ngassa alisimama. Alikuwa amekonda, lazima niseme, na sauti ilikuwa imepungua. Lakini maneno aliyatoa.

"Mdogo wangu alifungwa ulimi uwanjani. Kila mtu anajua na nani. Mimi nilimpa dawa ya baba yetu, ikaanza kufanya kazi. Huyu mwanamke akaikata. Akampandisha mgonjwa gari la yule yule aliyemroga. Kama alikuwa na makubaliano naye, mimi sijui. Ninachosema, arudi kwao. Watoto na mji vibaki kwa ukoo."

Watu wakaguna. Wengine walikubali, hasa wale waliocheka sana siku ile, maana ikiwa ni uchawi basi kicheko hakina kosa.

"Mama Sikujua," Donatus akasema, "una neno?"

Nyamizi akasimama, kanga yake ya kufiwa kiunoni. "Nina swali tu, baba. Nimuulize shemeji."

"Muulize."

"Shemeji, ile dawa ni safi?"

"Ni safi! Ni ya baba yetu!"

"Haina sumu?"

"Hata mtoto anaweza kuinywa."

"Uape mbele ya wazee."

Ngassa akaapa, kwa kaburi la baba yake, kidole juu. Hakuona anakokwenda. Nyamizi akamwashiria Sikujua, na binti akaingia ndani, akatoka na kibuyu kile kile, kimejaa. Mizizi ilikuwa imebaki mingi, Nyamizi alikuwa ameichemsha asubuhi ile kwa mikono yake.

"Basi inywe," akasema.

Ngassa akacheka kwa dharau, akanyoosha mkono. "Lete. Mnadhani naogopa?"

"Hapana, si hivyo. Lala chali."

"Nini?"

"Lala kama alivyolala. Hapo hapo, ngozi ile ile ipo. Umesema mimi nimeikata dawa na mume wangu akafa. Nami nasema alikufa humu uani, jioni ile, kabla sijaliona gari. Tuone."

Ngassa akamgeukia mzee. "Baba, mwanamke ananiamrisha nilale chini mbele ya watoto?"

Donatus alikuwa anaitazama miguu yake. Alitaka sana mambo yaishe kwa amani. Lakini yeye naye alikuwa uwanjani siku ile, na yeye ndiye aliyempangusa Makoye mate kwa usinga, akawachekesha watu. Alikuwa hajalala vizuri tangu hapo.

"Umeapa, Ngassa," akasema taratibu. "Dawa safi haina ugumu. Lala."

Ngassa akalala. Nyamizi akapiga goti moja kifuani pake.

"Sikujua, mshike baba yako mkubwa pua."

Binti akambana. Nyamizi akamimina, si kwa haraka, kwa mwendo ule ule wa jioni ile aliousikiliza akiwa nje ya ua. Ngassa alivumilia funda la kwanza. La pili likampita kombo. Akatoa macho, akapiga miguu, akaurusha mkono wa Sikujua kule, akamsukuma Nyamizi, akainuka akikohoa, dawa inamtoka mdomoni na puani, kamasi mpaka kifuani, anahema na kukohoa tena. Mtoto mmoja alicheka. Mama yake akampiga kibao cha mdomo.

Nyamizi alingoja akohoe mpaka mwisho. Hakuwa na haraka.

"Umekohoa," akamwambia. "Umenisukuma. Umekaa. Mume wangu koo lilikuwa limelala, mkono umelala, ulimi umelala. Alikuwa na jicho tu, nawe uliliona jicho lile likiniomba. Hukumtoa dawa kifuani, ulisema amemeza."

"Mimi sikujua," Ngassa akasema kwa sauti iliyokwaruzwa. "Haki ya Mungu, Mama Sikujua, sikujua kwamba..."

"Ulijua anaumwa. Nilikwambia saa tisa, Pantaleo akakwambia saa tisa. Ulinijibu nini?"

Ngassa akageuza uso kwenye sufuria ya nyama.

"Waambie wazee ulinijibu nini!"

"Nilisema tunashinda," Ngassa akasema, na uso wake ukavunjika, akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya wake zake na wakwe zake.

Donatus akainua mkono. "Basi, mwanangu. Basi. Mji ni wako na watoto ni wako, ukoo umesikia. Amekiri. Mwachie sasa, tukale."

Nyamizi akakitikisa kibuyu karibu na sikio. Kilikuwa zaidi ya nusu.

"Makoye alikimaliza chote," akasema. "Shemeji, lala tena."

Akamwangalia kila mmoja aliyekaa pale, mmoja baada ya mwingine, kama kuna wa kusimama. Hakusimama mtu. Ngassa akajifuta uso kwa kiganja, akarudi taratibu kwenye ngozi, akalala chali.